Mtani Aliyevaa Nguo Zako

Somo yangu Mwantumu,

Salamu ya watu wa makaburini nilishakutolea asubuhi, na Fatiha nimekusomea. Ile ni ya dini. Hii ni yetu, mimi na wewe tuliopewa jina moja, naiandika juu ya meza ya cherehani, vitambaa vya watu nimevisukuma pembeni. Ikiwa na makali utanivumilia. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia, "Somo, Mungu alikosea, sindano alikutilia mdomoni." Leo usinizuie, niache niseme mpaka nimalize.

Nina habari za Madam Kulwa. Yule yule, mwenye bonanza la netiboli la wanawake kule Mikumi, mwenye timu yake, mwenye kipaza sauti chake. Najua jina lake hukupenda litajwe mbele yako. Ulikuwa ukisema, "Yamepita hayo." Yamepita kwako, Somo. Kwangu mimi yalikaa kooni kama mwiba wa perege.

Acha niisimulie tena siku ile, maana hasira yangu haichoki kuisikia. Tulitoka Kimamba na Canter ya mahindi, tumejipanga nyuma wamama wazima, tukapita Kilosa, tukapita kijiji cha Ulaya tukiimba mpaka vumbi likatujaa menoni. Timu yako ya Sitara. Jina ulilitoa wewe, nguo nilishona mimi: sketi ndefu juu ya suruali, mikono mpaka kiganjani, na hijabu niliyoitia lastiki kwa ndani ili pasiwe na pini hata moja ya kumchoma mtu. Nilifumua mara ngapi ile lastiki! Ustadh ulimpelekea mwenyewe akaiona, akasema, "Sitara ipo, na afya ni neema. Nendeni, ila adhuhuri isiwapite." Wewe ukarudi unacheka peke yako njiani.

Wale wa kwenye benchi la kahawa ndio hawakucheka. "Mwanamke wa Kiislamu na mpira, wapi na wapi?" Tukawapita. Tulipofika Mikumi tukakuta wengine wanauliza, "Mpira na hijabu, wapi na wapi?" Sasa mwanamke wa Kiislamu akakimbilie wapi, Somo? Porini kwa nyani?

Tulikuwa tumeshaingia uwanjani tunapasha misuli. Madam akashika kipaza sauti chake, watu wamejaa pande zote, akasema, "Haya magunia yatoke uwanjani. Hapa kuna netiboli, si mnada wa mahindi." Watu wakacheka. Wee! Walicheka mpaka madereva wa malori waliokuwa wamesimama barabarani wakageuka kutazama. Wewe ukamfuata taratibu, ukamwita dada, ukamwambia, "Kama ni pini, hazimo, gusa mwenyewe." Akautoa mkono wako kama anayefukuza inzi. Akasema jezi yetu haikubaliki, basi.

Nilitaka kumvaa pale pale. Ukanishika kanga. Ukatuongoza tukaswali adhuhuri pembeni, tukala ubwabwa wetu, halafu, na hili ndilo sijalielewa mpaka leo, ukakaa ukatazama mechi za wenzio hadi ya mwisho, ukawapigia makofi. Kurudi, hukuimba. Ulikaa umeegemea ubao wa Canter, mpira umeukumbatia mapajani.

Bonanza lililofuata halikukukuta. Presha ikapanda, upande mmoja wa mwili ukalala, na wewe mwenye mkono wa kufungia magoli nikawa nakulisha uji mimi. Sisemi Madam alikuua. Roho ni ya Mungu, na presha ulikuwa nayo tangu uzazi wa mwisho. Lakini mechi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho mwilini mwako, na yeye aliichukua. Hilo ndilo ninalomdai, na wewe ungekuwa hai usingethubutu kumdai.

Basi siku ya hitima yako, ua wote umejaa wanawake kwenye mikeka, nani anaingia? Madam Kulwa. Kajitanda kanga vizuri, machozi anayo, na rambirambi mkononi. Nilikuwa nachota pilau, upawa ukabaki hewani. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo ungenikanya, kilichomleta ni nini, amekuja kuhesabu magunia? Yeye wala hakubabaika. Akasema, "Jamani, mimi Mnyamwezi, nyie Wasagara, sisi si watani? Siku ile nilikuwa nawatania. Mtani hanuniwi."

Lo! Na wazee wakaitikia, "Kweli, mtani hanuniwi."

Unaona alivyonifunga? Neno moja tu na hasira yangu yote ikawa makosa yangu. Kwa mila zetu nani amkasirikie mtani, tena msibani? Mtani akikutukana unacheka, akikumwagia maji unacheka, akilala kaburini kabla ya maiti unampa chochote atoke. Nilisimama pale na upawa wangu, wanawake wote wananitazama kama mtoto asiye na adabu.

Halafu Mungu akanifungua akili. Nikasema, haya. Kama ni mtani, karibu mtani. Nikaingia ndani kwa mama yako, nikamnong'oneza, akanyoosha kidole kwenye begi lako chini ya kitanda. Nikatoka nalo. Nikamwaga mbele ya Madam sketi, suruali, fulana ya mikono mirefu, hijabu ya lastiki, na raba zako zenye udongo wa Mikumi bado. Nikamwambia, "Mtani wa kweli huvaa nguo za marehemu, akatuonyesha alivyokuwa. Vaa."

Akacheka kicheko cha uongo. Akasema hazitamwenea, yeye mnene. Nikamjibu, "Gunia halimkatai mtu, mtani."

Somo, ungesikia ua ulivyolipuka! Bibi wasio na meno walipiga vigelegele. "Haki yake hiyo! Avae! Avae!" Alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtetea, akakosa. Neno alilolishika kujikinga ndilo tulilomkamatia. Akavaa. Sketi ilimbana, hijabu nilimvalisha mwenyewe kwa mikono yangu, nikaivuta lastiki mpaka ikakaa sawasawa. Hakuna pini, nikamwambia, gusa mwenyewe.

Wakamzungusha ua mzima anakimbia, wanampigia makopo. Shangazi yako akapanda juu ya kigoda akainua ringi ya baiskeli kichwani, Madam akarushiwa mpira wako. Mimi nilikuwa nacheka, na kicheko changu kilikuwa kibaya, nakiri mbele yako. Nilitaka akose. Nilitaka aanguke.

Akasimama. Akafuta kiganja kwenye nyonga ya kushoto. Akainua kisigino cha kulia kidogo tu, midomo ikacheza kama mtu anayesema Bismillahi, akaurusha, na mpira ukiwa bado hewani akageuka kuondoka bila kuutazama.

Ulikuwa wewe, Somo. Ulikuwa wewe kabisa. Mama yako akapiga ukelele, na mimi nikakaa chini.

Nikiwa pale chini ndipo nilipoelewa. Mtu hakuigizi hivyo kama hakukutazama. Na siku ile tulitolewa hata mechi hatujaanza, ulikuwa umerusha ile michache ya kupasha misuli tu. Alikuona. Aliona mkono ule, akajua timu yake inakwenda kulala mapema, akashika kipaza sauti. Kumbe haikuwa nguo! Haikuwa dini wala pini. Alikuogopa, akatafuta pa kukupitia, akaiona hijabu.

Nikainuka. Nikamwambia hayo hayo mbele ya wote, naye hakukana. Alikuwa anahema, jasho linamtoka ndani ya nguo zako, macho chini. Nikasema, mtani akivaa cha marehemu havui bure, hukombolewa na wafiwa, ila leo anajikomboa mwenyewe. Aseme mbele ya bibi hawa, Sitara inacheza Mikumi kwa nguo hizi au haichezi? Akasema, "Inacheza." Shangazi yako juu ya kigoda akamwambia hajasikia. Akasema tena kwa sauti kubwa.

Bonanza lilipofika tukaenda. Canter ile ile. Nafasi yako ya kufunga walinisukumia mimi, eti kwa sababu ya jina, mimi niliyezoea kuzuia na kukanyaga watu vidole. Nilikosa na kukosa, mpaka msichana mmoja wa Mikumi akaguna. Nikakukumbuka wewe. Nikafuta kiganja, nikainua kisigino, nikasema Bismillahi, ila mimi sikuweza kugeuka bila kutazama, nilitaka nimwone Madam uso wake mpira ukipita kwenye pete. Nikamwona. Nikarudia. Kila goli nililofunga nilimtazama yeye, si mpira, hadi refa akadhani nimechanganyikiwa. Tulicheza na timu yake mwenyewe fainali, tukawashinda kwa tofauti ya goli moja, kwa jua lile, kwa hijabu zile, na pembeni kulikuwa na wanafunzi wa kike wa Mikumi wenye ushungi wao wameshikana mikono, wanaruka. Mmoja aliniuliza ile lastiki inashonwaje. Nimemwahidi kumwonyesha.

Zawadi ilikuwa mbuzi. Nikamkabidhi Madam kamba amburure mwenyewe mpaka kwenye Canter, mtani hachagui kazi. Mbuzi yule tumemchinja kwenye arobaini yako, na Madam alikuja kuosha masufuria mpaka viwiko vikawa vyeusi. Nilikuwa nampelekea mengine ambayo hayakuwa machafu.

Alipomaliza akanifuata nyuma ya jiko. Hakuniita mtani. Aliniita kwa jina, Mwantumu, nikashtuka kwa sababu tangu ulipoondoka, nikiitwa jina hilo nahisi tunaitwa wote wawili. Akasema, "Nisamehe. Sikuwa natania." Alikuwa analia, na safari hii machozi hayakuwa ya msibani.

Najua ungefanya nini. Ungemkumbatia, ungemfungia pilau akawapelekee watoto. Ustadh naye ameniambia kusamehe ni bora. Ni bora, sikatai. Lakini mimi nilimjibu kwamba aliyetukanwa hayuko nyuma ya jiko, yuko kule makaburini ng'ambo ya reli, na mimi sina mamlaka ya kugawa msamaha wa mtu mwingine hata kama jina ni moja. Nikamwambia aende akakuombe mwenyewe. Akaniuliza siku gani. Nikasema Ijumaa.

Ninachokuahidi ni hiki. Sitara haitavunjika nikiwa na uhai, na nguo hizi nitaendelea kuzishona, kwa wa Kimamba na kwa wale wasichana wa Mikumi. Na zile siku za Ramadhani ulizoziacha kwa ugonjwa, kaka yako ameniruhusu nikufungie, ustadh amesema kwa idhini ya ndugu inafaa. Basi nitakufungia kote kuwili, Somo, saumu mpaka ziishe, na magoli hata wakinichoka.

Lala salama, mwenye jina langu. Mungu akupanulie hapo ulipo, akupe nafasi ya kunyoosha mkono wako.

Na Ijumaa atakapokuja huyo mwanamke akapiga magoti juu yako, mimi nitakuwa nyumbani, sitakuja kusikiliza. Nakujua, utataka kumsamehe kabla hajafungua mdomo. Nakuomba kwa ajili yangu mara hii moja, usimwitikie upesi.

Ni mimi,
Somo wako Mwantumu, fundi