Kikohozi Ndani ya Kaseti

Jumanne, 4 Februari 2003
Dawa saa moja. Uji nusu kikombe. Jua kidogo mlangoni. Mchana Joselyne, binti wa mdogo wangu anayeniuguza, aliazima kaseti kwa jirani nisichoke na kitanda. Picha ya sinema, ya zamani, rangi imegeuka kijani. Katikati ya harusi mtu akakohoa mara tatu. Joselyne akacheka: "Baba mukubwa, sikia uyu mutu. Anakohoa sawa na weye."
Nikamwambia azime. Nilisema macho yananiuma. Hata sasa nadanganya.

Alhamisi, 6 Februari
Niandike kabla mkono haujakataa. Mwaka wa tisini na tano picha hiyo ilikuwa ikionyeshwa sinema ya mtaa wa Rohero, saa tisa alasiri, maana ilikuwa vita na usiku hatukuruhusiwa kutembea. Mwenye sinema, Mwarabu niliyewafundisha wanawe Kifaransa, alinipa kiti cha bure: safu ya mwisho, chini ya kidirisha cha mashine. Nilificha kamera ya shemeji ndani ya koti, nikairekodi picha yote. Sikuwa na shida ya fedha. Nilitaka majirani wa mtaa wetu wa Carama, walioogopa barabara, wajae sebuleni kwangu na kunishukuru. Walijaa. Walinishukuru. Shemeji akatoa nakala. Wiki haikuisha, kila kibanda cha video kinaionyesha, na Rohero viti vitupu.

Ijumaa, 7 Februari
Jana niliacha lililo baya zaidi. Mlio wa mashine ulisikika ndani ya kaseti. Wakasema mwizi yuko kule juu. Leonidas, mwendesha mashine, akafukuzwa mbele ya watu wachache waliobaki kwenye foleni. Nilikuwa kwenye foleni. Nilitikisa kichwa pamoja nao. Nikasema, "Aibu."

Jumatatu, 10 Februari
Nilimtuma Joselyne amtafute Leonidas; leo amemleta. Siku hizi anatengeneza redio mtaani Kinama. Mvi tupu. Nilimweleza yote. Hakushtuka.
"Nilijua, Mwalimu. Ile kikohozi nilikuwa naisikia kila siku chini ya dirisha. Nikamwambia patron, mwenye sinema. Akasema, apana, utamutaja mwalimu wa batoto bangu?"
Miaka minane nimetunza siri ambayo haikuwa siri. Waliniheshimu, na Leonidas akalipa.
Nikaomba msamaha. Akasema hakujia msamaha. "Mi nimezoea. Mutoto wangu Spesi ndiye walimuita mutoto wa mwizi, kila siku, kwenye masomo. Umwambie yeye."
Atamleta Jumapili.

Ijumaa, 14 Februari
Homa. Damu kwenye kitambaa. Naogopa Jumapili isifike. Pia naitamani isifike. Yote mawili ni kweli.

Jumapili, 16 Februari
Wamekuja baada ya misa. Spesi ana watoto wawili sasa. Alikuwa mwanafunzi wangu, na hata darasani mwangu walimwita mtoto wa mwizi, nami nikiandika ubaoni nimewapa mgongo. Nikamwambia: Baba yako hakuiba picha ile. Niliyeiba ni mimi, nikamwacha afukuzwe.
Spesi akaweka chini kikombe cha chai.
"Rudia, Mwalimu."
Nikarudia, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwasomea imla. Kikohozi kikanikata katikati. Wakangoja kiishe. Nikamaliza sentensi.
Hakusema amenisamehe. Alikunywa chai yake yote, akakipeleka kikombe jikoni mwenyewe. Wameondoka kukiwa bado na jua.