Jani la Sale Kwenye Gitaa

Mjukuu wangu Eliasi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hatujambo, ila baba yako mdogo, huyu ninayemnyonyesha, hanipi usingizi. Ndiyo kuwa dada wa mwisho wa babu yako: naitwa bibi, na nepi bado nafua.

Unauliza kama kweli babu alifukuzwa kwa ajili ya gitaa. Ni kweli. Aliondoka wakati wa kuchuma kahawa, akaenda mjini kupiga roki. Baba yetu akasema, "Asikanyage hapa tena."

Siku ya kipaimara changu akatokea na bendi nzima, gitaa lake amelifunga jani la sale. Kwetu, anayekuja na sale anaomba msamaha, na hanyimwi. Sote tukamtazama baba. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili, na hapo nikaona alikuwa akilingoja siku nyingi.

"Haya, piga nisikie kilichokufanya uniachie kahawa mtini!"

Babu yako akapiga, mjukuu wangu! Baba alicheza na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi mpaka kofia ikaanguka. "Mwanangu huyo!" akawafokea majirani, utadhani wao ndio waliomfukuza.

Kula vizuri, usome.

Bibi yako mdogo,
Anastasia