Siku Kumi na Nne za Matembezi

Jumatatu, 6 Novemba 1967. Maskati.

Tumetoka tena kutembea. Siku ya tatu mfululizo. Miguu inauma na sijafurahi hata dakika moja.

Kibali chetu kimeandikwa "matembezi". Siku kumi na nne, mimi na Mama, wageni wa Khalfan, mume wa shoga yangu Nasra. Meli ya kurudi Mombasa ni Jumamosi tarehe 18. Lakini hatukuja kutembea. Tumekuja kukaa. Unguja, tangu mapinduzi, nyumba yetu ina watu wengine. Mombasa tulikuwa tukilala ukumbini kwa watu, na huko nako kibali kimekwisha. Khalfan anasema tutulie, tujifanye wageni, naye atatafuta taratibu mlango wa kuombea ruhusa ya kukaa. Sahihi ya udhamini ni yake. Tukionekana waongo, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Basi tunatembea. Leo bandarini. Majabali yameandikwa majina ya meli kwa rangi nyeupe, mabaharia hupanda wakaandika. Mama alitaka kuyasoma yote kwa sauti. Kisha akanyoosha kidole kwenye ngome ya Jalali, akauliza jumba zuri lile la nani. Ni jela, Mama. Nilimshusha mkono. Askari mmoja alitutazama. Miwani yangu ya jua Nasra alinivua tangu mlangoni, hapa haivaliwi. Sikujua. Mangapi mengine siyajui?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Yangu naiona kila nikitazama chini.

Jumanne, 7 Novemba

Matrah kwa gari. Mama alisoma Ayatul Kursi kila kona ya kilima. Sokoni tukanunua halwa, tukaangalia vitambaa, tukarudi. Kwenye lango la mji askari akauliza tumeona nini. Nikamhesabia: bandari, soko, halwa. Nasra anasema alitaka mazungumzo tu. Mimi siamini.

Jioni Nasra katufundisha adabu za hapa. Kahawa ikikutosha utikise kikombe, la sivyo utajaziwa mpaka upasuke. Ndiyo sababu Mama jana alikunywa vikombe sita na hakulala. Na ukifika kwa watu, mwenyeji atakuuliza khabari, atakuuliza ulumu, yaani ya huko utokako. Jibu ni moja: hakuna khabari, hakuna ulumu, kheri tu. Hata kama umetoka kuzika. Mengine husemwa baadaye, au hayasemwi kabisa.

"Sasa wanauliza ya nini?" Mama kashangaa.

Nimemkaririsha mara tatu. Alikariri akicheka. Sikukipenda kile kicheko.

Alkhamisi, 9 Novemba

Sidab, kwa njia ya mlimani. Mama juu ya punda, mimi nyuma kwa miguu, viatu vya Mombasa vimeachia soli. Papa wameanikwa pwani nzima. Wanawake walitusalimu na mimi nikamvuta Mama kabla hawajamuuliza kitu.

Anataka kwenda Bustan. Babake alizaliwa huko, akapelekwa Unguja mdogo. Tangu utoto wangu nasikia Bustan: mitende, maji matamu, mlima nyuma ya nyumba. Hatumjui mtu hata mmoja. Nikasema hapana. Khalfan akanigeuzia maneno: mgeni anayetembea asipokwenda kupaona kwa babake, hilo ndilo litakaloshangaza watu.

Kwa hiyo tunakwenda. Nimeshindwa kwa hoja, si kwa moyo.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikutoka. Tumbo. Nimemwambia Nasra ni samaki. Ni khofu.

Jumamosi, 11 Novemba

Yamekwisha. Mama kasema.

Niandike kwa mpango. Tulikwenda kwa mashua ndogo ya mashine, tukipita chini ya majabali. Maji safi, unaona mpaka mchanga wa chini. Ningekuwa mtu mwenye raha zake ningesema sijaona pazuri kama pale. Mama alitia mkono majini njia nzima, akicheka peke yake.

Tulipoteremka, bibi mmoja alitukaribisha kwake. Bi Rayya. Mkeka, tende, kahawa. Kakake, mzee mwenye fimbo, alikaa mlangoni ametugeuzia mgongo. Bi Rayya akauliza khabari, akauliza ulumu. Nikajibu mimi, sawasawa kama nilivyofundishwa: hakuna khabari, kheri tu. Kisha akamgeukia Mama, kwa heshima ya umri wake.

Mama akavuta pumzi. Akasema yote. Kiarabu chake kibovu, lakini kwa hili kilimtosha. Nyumba ya Unguja. Ukumbi wa Mombasa. Kibali. Kwamba meli ya tarehe 18 hatuipandi ng'o. Jina la babake, jina la babu yake. Nilimfinya paja. Akamwambia na Bi Rayya kwamba namfinya.

Mzee akageuka. Akauliza jina la babu kwa mara ya pili. Akauliza mdhamini wetu nani. Mama akamtajia Khalfan, na mtaa, na mlango.

Mwenye mashua alitwambia njiani tukirudi, bila kuulizwa, kuwa yule mzee kila wiki huenda mjini, afisi ya liwali. Nikatapika baharini. Bahari yenyewe ilikuwa shwari.

Jumapili, 12 Novemba

Nimemgombeza Mama mpaka nikalia mimi. Yeye hakulia.

"Mtu kaniuliza khabari, mwanangu. Miaka mitatu hapana alieniuliza. Mie n'nyamaze?"

Nikamwambia ulimi huponza kichwa, na safari hii kichwa ni cha Khalfan. Akanyanyuka akaenda kusali.

Khalfan sijamwambia. Nasra sijamwambia. Nakula chakula chao, natazama sahani.

Jumatatu, 13 Novemba

Tulitembea mpaka lango kubwa, tukarudi. Kila mwanamme mwenye fimbo ni yule mzee. Nilihesabu wanne.

Jumanne, 14 Novemba

Tumeitwa. Kesho asubuhi, afisini, mimi na Mama. Aliyeleta ujumbe hakusema zaidi.

Ilibidi nimweleze Khalfan. Nilidhani atapiga kelele. Alivua kofia akaiweka juu ya goti, akaitazama. Kisha: "Mzee gani? Wa Bustan?" Akasema hajui wanataka nini, tujibu kwa utulivu, kwa lolote atakuwa nje anatungoja. Nasra hakunitazama usoni. Ana watoto watatu.

Nimefikiri mchana kutwa. Mama hazuiliki, atasema tena. Lakini yeye mzee, watasema kachanganyikiwa. Mimi ni mwalimu wa skuli, neno langu lina uzito. Mmoja wetu lazima asimame na maneno ya kibali: matembezi, siku kumi na nne, tunarudi. Nikishika hapo, Khalfan hakudanganya mtu. Nimeamua.

Jumatano, 15 Novemba

Walituingiza mbalimbali. Mama kwanza, chumba cha ndani. Mlango ulipofunguka nilimwona yule mzee wa Bustan amekaa humo na fimbo yake. Nikajua kaja kushuhudia dhidi yetu.

Zamu yangu. Bwana mmoja wa makamo, kalamu mkononi, mpole. Upole wake ulinitia khofu zaidi. Aliniuliza nimekuja Maskati kwa nini. Kutembea. Tumeona nini. Nikahesabu: bandari, Matrah, Sidab, Bustan. Akauliza kama nina haja nyingine yoyote. Sina. Akasema Mama kamweleza mengi. Nikasema Mama ni mtu mzima, amechoka na safari, asichukuliwe maneno. Kalamu ikasimama hewani. Akauliza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayemvusha kipofu njia: kweli sina haja, narudi Jumamosi? Kweli. Hakuna khabari, nikasema, kheri tu.

Akaandika.

Sikutetereka. Nilitoka nje nikamwambia Khalfan nimeiokoa nyumba yake. Usiku huu nitalala.

Alkhamisi, 16 Novemba

Mama anakaa. Mimi nasafiri Jumamosi.

Khalfan kaja na karatasi mbili, ya Mama ya kukaa, yangu ya kusafiri. Yule mzee alikwenda afisini kutudhamini. Alimkumbuka babu ya Mama, shamba lao lilipakana na lake. Alituombea sote, mama na binti, kwa jina la watu wa Bustan. Kilichobaki kilikuwa kila mmoja aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kukaa.

Khalfan kakimbilia huko kuniombea. Wamemjibu kwa adabu kwamba niliulizwa mara tatu. Majibu yangu yamekwishapelekwa mbele. Nikifika nilikotoka niombe upya, jibu litakuja litakapokuja.

Mama kakaa kunikunjia nguo. Angesema "nilikwambia" ingekuwa nafuu.

Ijumaa, 17 Novemba

Naogopa. Mombasa hakuna chumba, hakuna kibali. Naogopa wasije wakanirudisha Unguja. Naogopa Mama atakufa na mimi siko. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 18 Novemba. Melini.

Bado tumetia nanga. Kuna mzigo haujapakiwa.

Bi Rayya alikuja tangu Bustan na kapu la tende, nusu ya Mama, nusu yangu. Kakake alisimama mbali kidogo. Nilitaka kumwomba radhi, nikakosa Kiarabu cha kutosha. Alinyanyua fimbo kidogo, akaishusha.

Mama alinisindikiza mpaka ukingoni. Kanifunga mtandio wangu upya, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri. Maisha yangu yote sijamwona akinyamaza, leo kanyamaza. Mashua ilipokwenda alikuwa amesimama pale pale, Nasra kamshika mkono.

Kutoka hapa majina ya majabalini yanasomeka yote. Nimeyasoma kwa sauti, moja moja, mpaka mwisho.

Pembeni yangu kuna mama wa Matrah, anakwenda Bombay kwa mwanawe, meli inapitia huko kwanza. Kiswahili anacho, alikulia Pemba. Katandika mkeka, kanimiminia kahawa ya chupa. Akaniuliza, kama wanavyouliza wote, khabari?

Nikamwambia. Nilianzia Unguja. Alinisikiliza mpaka kahawa ikapoa.