Mguu wa Sisimizi wa Profesa

Shoga, mguu umesogea. Mguu wa sisimizi aliye ndani ya kaharabu, utomvu uliogeuka jiwe zama hizo. Umesogea!

Usinicheke. Unajua ninavyopiga: picha themanini za mdudu mmoja, kila moja ikilenga kina chake, kisha kompyuta inaziunganisha. Leo imenitolea sisimizi mwenye miguu saba.

Nikazipitia moja moja. Mpaka ya arobaini mguu umekunjwa. Kuanzia ya arobaini na moja umenyooka. Meza haikutikisika, maana vingine vyote viko palepale.

Nikamwita profesa. "Macho yako yamechoka, mwanangu." Nikalibonyeza jiwe kwa ukucha. Likabonyea.

Taa niliiweka karibu mno, kosa langu. Lakini kaharabu ya kweli hailainiki kwa joto la taa. Huo ni utomvu wa juzijuzi, naye profesa kaandika kitabu kizima kwamba sisimizi huyo ana miaka milioni arobaini.

Akaniambia, taratibu: "Zifute, mwanangu. Tumeona wawili tu."

Sikuzifuta. Nikifumba macho nauona ukinyooka.

Nakutumia ya arobaini na ya arobaini na moja. Zifungue. Sasa tumeona watatu.