Boga ya katikati ya pamba

Victorine mutoto wangu,

Boga iko chini ya kitanda. Ukitoka masomo, uipike yote leo. Ganda usitoe, maji kidogo tu, karanga za kutwanga mwishoni.

Asubuhi kapita, musimamizi wa mashamba, alikuta nimeipanda katikati ya pamba ya Serikali. Akang'oa mashina yote ya boga, akasema nipeleke boga ku biro, muzungu aone kosa langu. Nikamuuliza: pamba inapikwa mu chungu gani? Baba yako alikuwa anaangalia miguu yake tu. ~~Yeye usimupe.~~ Umupe, lakini kidogo.

Ku biro naenda. Mikono mitupu.

Mbegu usikaange hata moja. Uzianike kwenye lungo. Wakinifunga, uzipande wewe, palepale.

Mama yako