Bunduki Fupi ya Bwana Nyama

Shangazi mpenzi, shikamoo. Tanganyika nzima hakuna mwenye bahati kama mwanao: nimeua chui! Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori ninayempikia, alilala na homa hapa Maguu, nikashika bunduki yake. Ni fupi, ili igeuke upesi vichakani, na risasi tano zimepangana katika bomba chini ya mtutu. Ukivuta mkono wa mbao nyuma, ganda linaruka. Ukisukuma mbele, risasi nyingine inaingia.

Chui mla mbuzi alijibanza kwenye ngoro, yale mashimo ya mashamba ya Wamatengo. Nikafyatua, nikamkosa. Nikafyatua tena, kimya! Nimezoea bunduki ya mitutu miwili, sikukumbuka kuvuta. Chui akanijia. Mama Kolumba, mwenye shamba, aliyekuwa amemtazama Bwana akiisafisha hii fupi, akaninyang'anya.

"Vuta, mpishi! Unangoja iive?"

Akavuta, akapiga, chui akaanguka miguuni pangu.

Nimempikia mama huyo kuku mzima, nikampigia magoti mbele ya wanawe. Akacheka: "Inuka, utachafua suruali."

Mungu akutunze, Shangazi, na umwombee mama huyu kila Jumapili kama ndugu yako. Mimi chui sikumuua. Nilidanganya.

Mwanao, Daudi