Kopo la Aiskrimu na Bonde la Ruzizi

Shangazi,

Leo asubuhi nimelikuta kopo mlangoni. Ni lile lile la aiskrimu, la bluu, lenye ufa kwenye ukingo, na limejaa maziwa ya mgando. Nimeliweka mezani, pale ulipozoea kuchambua maharagi, nikaona siwezi kuyanywa kabla sijakuandikia. Unastahili kujua kwamba kopo hili lilinusurika kufa pamoja nawe, na kwamba aliyekaribia kuliua ni mimi, msomi wako.

Ulinivusha mto mgongoni, ukanilea katika kambi ya wakimbizi kama mtoto wa tumbo lako, ukanifikisha ng'ambo, hapa Mount Druitt, kisha ukafua mashuka ya wazee wa watu miaka yote ili mimi nikae maktaba. Sikukushukuru ipasavyo. Nilikuwa na shughuli nyingi za kubishana nawe.

Unaikumbuka sura ya kwanza ya tasnifu yangu? Jiji lilikuwa limefungwa kwa ajili ya korona, mimi na wewe tumebanana jikoni, nikakusomea kwa sauti. Nilikuwa nimethibitisha, kwa tanbihi zinazojaza nusu ya kila ukurasa, kwamba sisi wakulima tulikuwa katika bonde la Ruzizi kabla ya wao wafugaji kushuka na ng'ombe wao, na kwamba vita vyote vilivyofuata vina mzizi huo mmoja. Uliniacha nimalize. Ukapuliza maganda ya maharagi kwenye sinia, ukasema: "Na mto, Papa? Mto wenyewe ulifika siku gani?"

Uliniita Papa kwa sababu nina jina la baba yako, lakini siku ile niliona unanitania. Nikakujibu kwamba hilo si swali la kihistoria. Ukacheka. "Weye unasomaka sana, Papa, lakini hauulizake."

Kisha ukanituma nipeleke kopo kwa Mama Neema, nyumba ya tatu mtaani kwetu. Nililipeleka nikinuna. Mama Neema ni wa watu wale niliokuwa nikiwashtaki katika sura yangu, nawe ulikuwa umepiga marufuku jina la kabila lolote kutajwa jikoni kwako. Niliuona huo ni woga. Wewe ulipeleka unga wa muhogo, yeye akarudisha maziwa. Ukapeleka sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, akarudisha siagi. Katika miezi ile ya barakoa, ambapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwa mwenzake, kopo lilikuwa likiachwa mlangoni, mlango unagongwa, mgongaji anarudi nyuma hadi kwenye lango, na mnapigiana kelele kuulizana habari za magoti.

Kisha moyo wako ukasimama. Hospitali haikuturuhusu kuingia. Maziko yaliruhusiwa watu kumi tu, na orodha niliiandika mimi, kwa kuwa ndimi mwenye kalamu. Niliandika ukoo, nikamwandika mchungaji, nikafika kumi. Mama Neema nilimwacha nje. Nilijiambia kwamba ni hesabu tu. Haikuwa hesabu, Shangazi. Ilikuwa sura ya kwanza.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilikuta kopo lake limekauka kando ya sinki. Nikalisugua mpaka likang'aa, nikampelekea, nikijiona mtu mwenye adabu. Alilipokea, akafungua kifuniko, akatazama ndani. Macho yake yalibaki juu ya barakoa, hayapepesi. "Basi," akasema. "Nimeelewa." Akafunga mlango taratibu.

Nilimsimulia Riziki. Unamjua binti yako: ukimwambia kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo Kiingereza kilimkimbia chote. "Umemrudishia tupu? Kaka! Umemwambia undugu umekwisha! Mama angefufuka akuchape!"

Mimi niliyekuwa na ukurasa mzima juu ya wakulima na wafugaji kubadilishana unga na maziwa! Niliandika kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu isipokuwa siku ya kuvunja ujirani. Nililiandika hilo kama desturi ya kale, katika wakati uliopita. Sikufikiri kwamba iko hai, imevaa plastiki ya bluu, kando ya sinki letu.

Nilipika sombe siku nzima. Majani yalikuwa ya barafu, ya dukani, mawese yaliniungulia, na ndagala, dagaa wa kwetu, niliwatia wengi mno kwa hofu. Nilimwomba Mama Neema kopo, nikalijaza pale pale langoni kwake kutoka kwenye sufuria. Nikamwambia kweli yote: orodha, nafasi ya kumi, na kwa nini. Kisha akavuta barakoa chini, akaonja kwa kidole.

"Haina chumvi," akasema. "Lakini imefika."

Ndipo akanieleza usilowahi kunieleza. Kwamba kambini mlipanga foleni moja ya maji kwa miezi bila kusemeshana, wewe ukiwa umefiwa na kaka yako, baba yangu, kwa mkono wa watu wake, yeye akiwa amefiwa na mumewe kwa mkono wa watu wetu. Kwamba ulipougua homa, mimi nilikuwa nalia kwa njaa, naye akaleta kikombe cha uji, akakiweka nje ya hema bila neno. Kwamba ulipopata nafuu ulikirudisha kikiwa na maharagi. Konzi moja tu. Huo uji niliunywa mimi, Shangazi. Niliunywa, nikakua, nikaja kuuandikia mashtaka.

Nimeandika upya sura ya kwanza. Nilikwenda kulitafuta swali lako, nikalikuta kwa wanajiolojia. Wanasema ziwa Kivu hapo kale lilimwagikia kaskazini, upande wa Nile. Volkano zikainuka zikaziba njia, maji yakajaa mpaka yakapata upenyo kusini, na upenyo huo ndio Ruzizi. Mto tunaouana kwa kudai nani aliutangulia, wenyewe ni mgeni, ulifukuzwa kwao na moto. Tasnifu sasa inaanza na swali lako, na mwulizaji ametajwa kwa jina.

Lakini jambo moja bado nakupinga, na hungeniheshimu kama nisingelipinga. Makabila nimeyataja, na waliouawa nimewataja, wa pande zote mbili, kwa kadiri nilivyowapata. Mauaji yasiyotajwa hayalali. Mama Neema ndiye aliyenipa majina ya upande wake; aliyasema polepole ili niandike sawasawa, na la baba yangu akalisema yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Nilipovaa joho hatimaye, watu walipokwisha kuruhusiwa kukusanyika, alikaa kwenye kiti chako akapiga vigelegele mpaka Riziki akajificha uso.

Asante kwa mgongo wako. Asante kwa swali. Asante kwa konzi ile ya maharagi.

Lala, Shangazi, ubishi wetu nimeubeba. Maziwa nitayanywa sasa, kopo nitalisugua, na kabla jua halijazama litakuwa njiani kuelekea nyumba ya tatu, limejaa sombe, na safari hii ina chumvi. Nikiwa hai halitarudi tupu.

Mwanao,
Papa